Safari ya Kisiwa Panza: Ufito Usio na Jina

Msomaji mpenzi, je, umewahi kufika Kisiwa Panza? Labda hata jina lake hujalisikia. Basi chukua ramani ya nchi yetu, utazame baharini, mashariki ya Tanga. Hapo utakiona kisiwa cha Pemba, ambacho Waarabu wa kale walikiita Kisiwa cha Kijani. Shuka kwa kidole chako mpaka ncha yake ya kusini. Utaona visiwa vidogo vidogo vimeizunguka ncha ile kama vifaranga wamzungukavyo mama yao. Kimoja chao ndicho Kisiwa Panza, katika Wilaya ya Mkoani.

Mimi nilikwenda huko kwa ajili ya kijiti cha kuvulia samaki. Usicheke. Nisikilize kwanza, halafu utaamua mwenyewe kama safari yangu ilikuwa ya bure.

Nilipokuwa kijana nilimtumikia padre mmoja mzee aliyependa sana kuvua. Kila Jumatatu, baada ya kazi nzito ya Dominika, alikwenda mtoni na ufito wake wa mwanzi, nami nilimchukulia kikapu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuzifunga nyuzi za ufito zinapolegea, na kupaka vanishi, na kuvitunza viungo vyake visipate kutu. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wangu wa zamani anayefanya kazi Mkoani aliniletea habari: “Mwalimu, kuna mzee Kisiwa Panza ana ufito wa kale wa Kizungu. Watu wanabishana umetoka wapi. Njoo uutazame.”

NJIA YA KUFIKA

Kutoka Unguja nilipanda meli mpaka Mkoani. Kutoka Mkoani nikapanda gari. Njia inapanda na kushuka vilima, na pande zote mbili ni mikarafuu, minazi na miembe. Huko Pemba, msomaji, pua hufika kabla ya macho: ukiwa msimu wa mavuno, karafuu huanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, na harufu yake inakusindikiza safari nzima.

Huko Chokocho nchi kavu inakwisha. Unangoja chombo. Maji yalikuwa yametoka, na mikoko ilisimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo wasilowane. Nahodha alitusukuma kwa upondo mpaka tukapata kina, kisha akatweka tanga, tukavuka.

Watu wa Kisiwa Panza ni wavuvi na wakulima. Wanavua kwa mishipi, kwa nyavu na kwa madema. Wanalima pia, lakini bahari inawasumbua: maji ya chumvi yameingia katika baadhi ya mashamba yao, na kwa hiyo wenyeji wamepanda mikoko ili iwe boma la kuzuia maji. Karibu wote ni Waislamu. Sisi Wakatoliki ni wachache mno katika Pemba, lakini sikuona hata siku moja nimekaa bila kukaribishwa chakula.

MZEE NA VYOMBO VYA PWANI

Mzee niliyekuwa nikimtafuta nilimkuta ufukweni, ameketi juu ya gogo. Umri wake umepita miaka sabini. Nilimwamkia, akaniitikia, akanipa nafasi kando yake. Hakutaja ufito. Alininyoshea kidole vyombo vilivyopandishwa mchangani.

“Mwalimu, waiona ngalawa ile? Kaichonga marehemu ami yangu. Na ule mtumbwi wa pili, kauchonga fundi wa Kengeja. Lile dau limetoka mbali, si la huku kwetu.”

Nikamwuliza: “Wajuaje, mzee? Sioni jina lililoandikwa.”

Akacheka. “Jina la nini? Mkono wa fundi ndio jina lake. Huyu huipunguza omo hivi, yule huifunga mirengu vile. Mtu aweza kuandika jina la uongo, lakini mkono wake hauwezi kudanganya.”

Neno lile nililiweka moyoni. Baadaye ndilo lililonisaidia.

Jioni, baada ya sala ya magharibi, alinipeleka nyumbani kwake. Mkewe alitupa muhogo wa nazi na changu wa kuchoma. Tulipokwisha kunawa, mzee aliuteremsha kutoka darini mfuko mrefu wa turubai uliochakaa. Mjukuu wake, kijana wa miaka ishirini hivi, akaleta taa.

Ndani ya mfuko mlikuwa na vipande vitano vya mwanzi, kila kimoja kama sentimeta 60. Vinne vilichomekana vikawa ufito mmoja wenye urefu wa futi saba na kidogo. Cha tano kilikuwa ncha ya akiba, nayo ilikwisha kuvunjika na kufungwa tena kwa uzi mwingine.

Mzee akasema: “Mwenye ufito huu alikuwa mgeni. Alikuja mara mbili tatu, kabla ya Mapinduzi. Baba yangu alikuwa akimchukua baharini kwa ngalawa. Siku ya mwisho alimwambia baba: Niwekee ufito wangu, kaskazi ijayo nitarudi. Basi baba kauweka. Kaskazi zimepita zaidi ya sitini. Baba kafa, kaniachia mimi. Jina la mgeni tulilolijua ni Bwana tu.”

Hiyo ndiyo habari yote aliyokuwa nayo.

SHAURI LA KIJANA

Mzee alipotoka kwenda kusali isha, yule kijana alinisogelea. Alisema kwa sauti ndogo, na kwa adabu.

“Mwalimu, kuna mtu wa vitu vya kale, si wa hapa. Ameuona ufito kwa picha niliyompelekea kwa simu. Anasema ukiwa wa mtu tu, bei yake ni ndogo. Lakini ukiwa wa Hemingway atanipa fedha ya kununua mashine ya chombo. Anataka karatasi ya mtu aliyesoma. Na hapa kuna herufi H. Tazama mwenyewe.”

Msomaji, huenda unajiuliza Hemingway ni nani. Ernest Hemingway alikuwa mwandishi Mmarekani, mpenzi mkubwa wa uvuvi. Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya mzee mvuvi na samaki mkubwa, na mwaka 1954 alipewa tuzo ya Nobel. Mwezi wa Januari mwaka huo huo wa 1954 ndege mbili zilimwangusha Uganda, ya kwanza karibu na maporomoko ya Murchison, ya pili huko Butiaba, naye akapona. Kisha akaenda kupumzika na kuvua huko Shimoni, pwani ya Kenya, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Kwa hiyo maneno ya kijana hayakuwa ya kipumbavu. Mkondo ule una kina cha zaidi ya mita 800, umejaa sulisuli, jodari na nguru, na wavuvi wa kujifurahisha wameujia kutoka nchi nyingi.

Kijana akaendelea: “Babu ni mzee. Mimi nakwenda baharini kwa tanga. Kusi ikivuma sana sitoki. Wenzangu wana mashine. Mwalimu, ni mstari mmoja tu wa kuandika.”

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba moyo wangu uliyumba. Nilimwona yule kijana, mikono yake imekatwa na mishipi, na mkewe ana mtoto mchanga. Mstari mmoja tu! Nani angeumia? Nikamwambia: “Ngoja kwanza tuusome ufito wenyewe.”

KUUSOMA UFITO

Asubuhi tuliuweka ufito juu ya jamvi uani, mzee upande huu, kijana upande huu, nami katikati. Nitakueleza tulivyoupeleleza, maana huenda nawe una kitu cha kale nyumbani.

Kwanza, mwanzi. Huu haukuwa mwanzi mzima kama ule wa kuangulia maembe. Ukitazama kwenye kikato unaona vipande sita vyembamba vya pembe tatu vilivyogandishwa pamoja. Fundi hupasua mwanzi, akatupa nyama laini ya ndani, akabakiza ganda gumu la nje, na kila kipande anakipiga randa kwa kipimo cha unene wa nywele. Mwanzi ufaao kwa kazi hiyo huitwa Tonkin, nao huota kusini mwa China, katika mkoa wa Guangdong. Basi asili ya kwanza ya ufito wetu ni China.

Pili, gundi. Zamani mafundi walitumia gundi ya ngozi na mifupa, ambayo ikipata maji hulegea. Kwa hiyo fito za kale zilifungwa nyuzi kila baada ya vidole viwili vitatu, zisifumuke. Wetu haukufungwa hivyo. Tena katika maungio yake kuna mstari mwembamba wa rangi ya zambarau iliyoiva sana. Hiyo ni alama ya gundi ya kikemikali iliyoenea wakati wa Vita Kuu ya Pili na baada yake. Basi ufito huu haukutengenezwa kabla ya vita hiyo.

Tatu, nyuzi. Nilimwomba kijana akate kipande cha uzi uliokuwa umefumuka, akakichoma. Uzi wa nailoni huyeyuka ukawa tone gumu. Uzi wa hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Kijana akanusa, akasema: “Nywele!” Basi ni hariri.

Nne, madini na pete. Viungo vyake, dume na jike, ni vya shaba nyeupe. Ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki usio na fedha hata chembe, ijapokuwa unang'aa kama fedha. Pete ya kwanza ya kupitishia mshipi ina kijiwe ndani. Mzee akaigusa, akasema mara moja: “Akiki.” Na kweli ni akiki, jiwe lile lile la pete za vidoleni na shanga ambalo pwani yetu imelijua tangu zamani kwa biashara ya Bara Hindi. Wazungu waliisifu akiki kwa kuwa haikatwi upesi na mshipi, na mji wa Idar-Oberstein huko Ujerumani ulikuwa mashuhuri kwa kuichonga.

Tano, mpini. Umetengenezwa kwa lile gome laini la kuzibia chupa, na nchi iongozayo ulimwenguni kwa gome hilo ni Ureno.

Kijana akashangaa: “Ufito mmoja, nchi zote hizo!”

Nikamwambia: “Ndiyo. Na hata vanishi. Hapo kale vanishi nzuri ilipikwa kwa sandarusi, na sandarusi iliyosifiwa kuliko zote ilichimbwa pwani ya bara letu, ikapelekwa kwa njia ya Unguja mpaka Salem huko Marekani na Hamburg huko Ujerumani.”

Lakini fundi je? Viwanda vikubwa huandika majina yao. Kampuni ya Hardy ya Alnwick huko Uingereza, iliyoanza mwaka 1872, iliweka jina lake juu ya fito zake, na watu wanajua kuzitambua. Wetu hauna jina wala mhuri wa kiwanda. Tena umegawanywa vipande vinne vifupi vilivyo sawasawa. Avuaye kwao hutaka vipande viwili au vitatu, maana kila kiungo huongeza uzito na kupunguza ulaini. Anayekubali viungo vingi ni msafiri, anayetaka ufito uingie sandukuni. Basi ni kazi ya fundi mmoja, aliyoagizwa na msafiri mmoja.

Sasa ikabaki ile herufi H. Ilikuwa kwenye kipande cha pili, chini ya vanishi, kwa wino uliofifia. Niliileta taa karibu, nikaimulika kwa ubavu, kama padre wangu alivyonifundisha. Kumbe! Ule mstari wa katikati haukuwa wino, ni mkwaruzo uliopasua vanishi. Iliyobaki ni mistari miwili iliyosimama. Nikachukua kipande cha kwanza: mstari mmoja. Cha tatu: mistari mitatu. Cha nne: minne. Fundi alikuwa amevihesabu vipande vyake tu.

Kijana akainamisha kichwa. Hakusema neno.

Tena nilimwonyesha kwamba ufito ule ni mwembamba, wa samaki wa kadiri kama kolekole mdogo. Sulisuli angeuvunja kama njiti ya kiberiti.

MKONO WA KUSHOTO

Nilikuwa karibu kuurudisha mfukoni nilipoukamata tena mpini. Mkono wangu haukukaa vizuri. Niliugeuza, haukukaa. Nikauhamishia mkono wa kushoto, na mara ukakaa kama kisu alani. Upande mmoja lile gome lilikuwa limepunguzwa taratibu kwa ajili ya kidole gumba, nalo lilipunguzwa na fundi, wala si kuchakaa, kwa maana vanishi ilipita juu yake. Fundi alikuwa ameupima mkono wa mwenye ufito.

Nikamwuliza mzee: “Yule mgeni alivua kwa mkono gani?”

Mzee alinyamaza. Alitazama juu, kwenye makuti, muda mrefu. Halafu akasema polepole: “Wa kushoto. Nimekumbuka sasa. Baba alikuwa akisimulia. Mgeni yule hula nasi kwa mkono wa kulia, kwa taabu, wali unamdondoka, ili asituudhi. Lakini akivua ni wa kushoto. Mimi nalikuwa mdogo, nikamcheka wali ulipomdondoka, baba akanipiga kofi.”

Macho yake yakajaa machozi, na huku anacheka.

Msomaji, wakati ule nilielewa ubaya wa ule mstari mmoja niliotaka kuuandika. Hakika kuna mtu ambaye angeumia: yule mgeni. Kwa muda wa miaka zaidi ya sitini watu maskini wamemtunzia mali yake, nasi tungeichukua na kumpa mtu mwingine, mashuhuri, asiyeihitaji. Tungemfuta kabisa duniani, kwa bei ya mashine. Amri ya nane haikatazi uongo wa mahakamani peke yake.

Mzee akamgeukia mjukuu wake. Kumbe alijua yote tangu mwanzo. “Mwanangu, amana haina bei. Ningekuwa na mashine ningekupa leo. Lakini siwezi kukupa cha mtu.”

Kijana alisimama akatoka. Usiku ule alikwenda baharini, nami nikalala na wasiwasi. Alfajiri alirudi na samaki wachache, akakaa kando yangu, akauliza: “Mwalimu, ile ncha iliyovunjika nani aliifunga?”

Tukaitazama. Uzi wake ulikuwa wa pamba nene, uliofungwa kwa fundo la wavuvi, fundo lile lile analofungia kijana ndoana zake. Babu wa baba yake aliivunja au aliikuta imevunjika, akaitengeneza ili mwenyewe akirudi aikute nzima. Kijana akapitisha kidole juu ya fundo lile mara nyingi.

Kisha akaniomba karatasi. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe, nami nikamsomea maneno: Ufito wa msafiri. Mwanzi wa China. Umetengenezwa na fundi mmoja kwa mkono, baada ya Vita Kuu ya Pili na kabla ya Januari 1964. Mwenyewe alikuwa mgeni, alivua kwa mkono wa kushoto, alikula kwa wa kulia. Ncha imetengenezwa Kisiwa Panza. Ni amana.

Akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa nailoni isipate unyevu, akaifunga pamoja na ufito. Halafu akampigia simu yule mnunuzi, akamwambia kweli. Mnunuzi hakurudi tena. Kijana angali akivua kwa tanga.

Je, msomaji mpenzi, nyumbani kwako kuna nini? Labda rozari ya bibi, jembe la babu, saa isiyotembea, msalaba uliotoka misioni ya zamani. Wazee wangalipo, waulize leo: kilitoka wapi, nani alikitengeneza, nani alikileta? Kisha uandike karatasi ndogo, uiweke pamoja na kitu hicho. Usiongeze jina kubwa lisilo lake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami nimeona ya kweli yaweza kuvuka miaka sitini na kumrudisha mgeni akaketi tena jamvini, wali ukimdondoka mkononi.

Na ukifika Kisiwa Panza, msalimu mzee wangu. Ufito uko darini, unangoja kaskazi.